Vali Inapougua, Nani Aitambue Kwanza?

Kwenye mabanda ya kupima afya bure, mtu hufungwa mkono kwa mashine ya presha, hutobolewa kidole kupimwa sukari, hupanda mizani, kisha huondoka na kijikaratasi chenye tarakimu. Ukimwuliza amepima nini, kuna uwezekano mkubwa atakujibu kwamba amepima moyo. Lakini presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa, si hali ya moyo wenyewe. Inaweza kusomeka 118/76, safi kabisa, huku vali moja ndani ya moyo huohuo imekwisha kukakamaa kiasi cha kupitisha damu kwa taabu.

Mkanganyiko hauishii kwa wananchi wanaochanganya "moyo mkubwa", "tundu la moyo" na "presha ya kushuka". Hata kwa wahudumu wa afya lipo swali ambalo halijapata jibu moja: muuguzi anayempokea mgonjwa kwa mara ya kwanza, zahanati au wodini, atautambuaje ugonjwa wa vali? Wapo wanaosema kwamba maelezo ya mgonjwa, pamoja na macho na mikono ya muuguzi, vinatosha kuanzia. Wapo wanaotaka muuguzi afundishwe kuusikiliza moyo kwa stetoskopu kama anavyofundishwa daktari. Na wapo, nao wanazidi kuongezeka, wanaoona kwamba enzi ya sikio imepita, muuguzi apewe ultrasaundi ndogo ya kushika mkononi. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande una mahali unapopwaya.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Moyo una vali nne, nazo hufanya kazi kama milango inayofunguka upande mmoja tu: damu ipite, isirudi. Hitilafu zake kubwa ni mbili. Ama mlango haufunguki vizuri, yaani vali imekuwa nyembamba, ama haufungi sawasawa na damu inavuja kurudi ilikotoka. Vali mbili za upande wa kushoto, ya mitrali na ya aota, ndizo zinazobeba msukumo mkubwa zaidi, na ndizo zinazougua zaidi.

Chanzo hutofautiana na mahali. Uingereza au Marekani, mgonjwa wa vali kwa kawaida ni mzee ambaye vali yake ya aota imejaa chokaa kwa miaka mingi. Afrika Mashariki mgonjwa ni kijana, na hadithi yake huanzia kooni. Mtoto wa umri wa kwenda shule, hasa kati ya miaka 5 na 15, huumwa koo kwa bakteria wa streptokoka wa kundi A. Koo linapona. Baada ya wiki mbili au tatu, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na bakteria hao hugeukia viungo, ngozi, ubongo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti na vifundo huvimba, vinauma, vinapona. Vali haiponi hivyo. Hubaki na kovu, na kila maambukizi mapya huongeza kovu juu ya kovu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu wa vali utokanao na homa ya baridi yabisi, na kwamba unaua takriban 360,000 kila mwaka. Utafiti wa REMEDY, uliowafuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta nusu yao wana umri usiozidi miaka 28 na thuluthi mbili ni wanawake. Ndani ya miaka miwili, karibu asilimia 17 walikuwa wamefariki. Hawa ni watu waliokuwa tayari wamefika hospitali na kuandikishwa. Ambao hawakufika hawamo kwenye hesabu.

Ulaya iliushinda ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa kwa nyumba zisizosongamana na maisha bora, kabla hata penisilini haijafika, na penisilini ikamalizia kazi. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki bado watoto wanne au watano hulala chumba kimoja, na koo linalouma halihesabiwi kuwa sababu ya kwenda zahanati. Ndiyo maana vali iliyoharibika hukutwa na muuguzi miaka kumi au kumi na mitano baadaye, wakati mgonjwa hakumbuki tena kwamba aliwahi kuvimba magoti.

Hoja ya kwanza: msikilize mgonjwa

Wanaotetea njia hii wana orodha fupi inayojulikana: kuishiwa pumzi, kwanza wakati wa kazi na baadaye hata akiwa amekaa, kushindwa kulala chali, kushtuka usiku akitafuta hewa, moyo kwenda mbio au kudunda bila mpangilio, kikohozi, mara nyingine chenye damu, miguu na tumbo kuvimba, uchovu usioelezeka, kuzimia. Vali ya mitrali ikiwa nyembamba, damu hurundikana mapafuni, hivyo pumzi na kikohozi hutangulia. Vali ya aota ikiwa nyembamba, dalili kubwa ni tatu: maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa kujitahidi, na kuishiwa pumzi. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani, Ross na Braunwald, walionyesha kwamba zikishaanza dalili hizo, mgonjwa asiyefanyiwa upasuaji huishi kwa wastani miaka mitano, mitatu na miwili tu, kwa mpangilio huo.

Nguvu ya njia hii ni kwamba haihitaji umeme wala fedha, na inamnasa mgonjwa anayehitaji msaada leo. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba dalili hizi si mali ya vali peke yake. Kikohozi cha muda mrefu, kukonda na kutema damu: kwa mhudumu yeyote wa ukanda huu hicho ni kifua kikuu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa hupimwa makohozi, majibu yanatoka hasi, na bado wapo wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha. Mlio wa kifua usiku hupewa jina la pumu. Mtoto anayepumua haraka hutibiwa nimonia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna familia ambazo, kikohozi kikikataa kuisha, humpeleka mtoto akakatwe kimeo, na miezi inapita.

Hapa muuguzi hahitaji kugundua ugonjwa. Anahitaji kushtuka pale historia inapojirudia: nimonia ya tatu ndani ya mwaka, kifua kikuu chenye makohozi hasi kisichosikia dawa, pumu iliyoanza ghafla ukubwani, kiharusi kwa mtu wa miaka 30. Hili la mwisho husahaulika sana. Vali ya mitrali iliyobana hupanua chumba cha juu cha moyo, mapigo yanapoteza mpangilio, damu inaganda humo, na bonge dogo likichomoka linaweza kufika kwenye ubongo.

Udhaifu wa pili ni mgumu zaidi. Ugonjwa wa vali huja polepole, na mgonjwa hujipunguzia kazi polepole vilevile, bila kujua. Akiulizwa kama anaishiwa pumzi, atajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu ndoo ya maji siku hizi hubebwa na mdogo wake na shamba la mlimani ameliachia wengine. Jibu ni la kweli, ila swali halikufaa. Muuguzi mzoefu huuliza mabadiliko: ni kazi gani uliyokuwa ukiifanya mwaka jana ambayo sasa unafanyiwa? Ukibeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani, unapumzika mara ngapi, na zamani ulipumzika mara ngapi? Swali la vitabuni kwamba mtu hulalia mito mingapi halina maana katika nyumba isiyo na mito. Afadhali kuuliza kama analala ameegemea ukuta, au kama usiku hutoka kukaa mlangoni apate hewa.

Udhaifu wa tatu si wa mgonjwa, ni wa kazi yenyewe. Kwenye wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, idadi ya pumzi kwa dakika mara nyingi huandikwa bila kuhesabiwa. Faili nzima inasoma 20, 20, 20, kama kwamba wodi yote inapumua kwa amri. Mapigo nayo huhesabiwa kwa sekunde 15 na kuzidishwa mara nne, au husomwa kwenye kipima oksijeni cha kidole, jambo linaloficha kabisa kwamba hayana mpangilio. Dakika nzima ya kushika mkono, na pale mapigo yanapoyumba, wauguzi wawili kuhesabu kwa pamoja, mmoja kifuani na mwingine mkononi, huonyesha kama kuna mapigo yanayopotea njiani. Hakuna mashine inayohitajika, ni saa ya mkononi tu.

Hata ile presha iliyolaumiwa mwanzoni ina siri yake. Ikisomeka 150/40, wengi huangalia namba ya juu na kunyamaza. Pengo kubwa kiasi hicho kati ya namba mbili, hasa kwa kijana ambaye mshipa wake wa shingo unaonekana ukiruka, ni ishara ya vali ya aota inayovuja.

Hoja ya pili: sikiliza moyo

Stetoskopu ilizaliwa Paris mwaka 1816, pale René Laennec alipoviringisha karatasi ili asikie kifua cha mgonjwa. Tangu hapo mvumo wa moyo, ile sauti ya ziada ya damu inayopita kwa msukosuko, umekuwa ndio mlango wa kuingilia kwenye ugonjwa wa vali. Wanaotaka muuguzi ajifunze kuusikia wana hoja nzuri: chombo tayari kiko shingoni mwake, na mapafu huyasikiliza kila siku. Kwa nini sikio lisisogee kidogo kushoto?

Tatizo ni kwamba mivumo haina usawa. Vali ya mitrali inayovuja hupiga kelele wazi chini ya chuchu ya kushoto, na sauti yake husambaa kuelekea kwapani. Hata mwanafunzi anaisikia. Vali ya aota iliyobana hunguruma juu kulia mwa kidari na kupanda shingoni. Ya aota inayovuja ni laini, inamtaka mgonjwa ainame mbele, atoe pumzi yote na aizuie. Na vali ya mitrali iliyobana, ambayo ndiyo inayowaangusha wanawake vijana wa ukanda huu, hutoa mngurumo wa chini sana unaosikika kwa upande wa kengele wa stetoskopu tu, mgonjwa akiwa amelala ubavu wa kushoto, mahali penye utulivu. Wodi ya saa nne asubuhi haina utulivu huo. Kwa maneno mengine, stetoskopu ni dhaifu zaidi palepale inapohitajika zaidi.

Takwimu hazipendezi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa shule Kambodia na Msumbiji. Kwa Msumbiji, uchunguzi wa kawaida uliothibitishwa kwa picha ulipata watoto 5 kati ya 2,170. Ultrasaundi ya moyo kwa watoto haohao ilipata 66. Kampala, kwenye utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha watoto 4,869, picha ilibaini wagonjwa mara tatu ya wale waliobainiwa kwa sikio. Wala si tatizo la Afrika. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, madaktari wa kliniki za kawaida walisikia mvumo kwa asilimia 44 tu ya wazee wasio na dalili waliokuwa na ugonjwa wa vali wa maana. Muuguzi kutoka Kenya anayekwenda kufanya kazi huko chini ya makubaliano ya nchi hizo mbili ya mwaka 2021 atakutana na aina nyingine ya mgonjwa, mzee aliyeanguka bafuni ambaye kila mtu anadhani aliteleza. Lakini kitendawili cha sikio atakikuta kilekile.

Kuna na upande wa pili wa kosa. Mvumo husikika pia kwa mtoto mwenye homa, kwa mwenye upungufu wa damu, kwa mjamzito, na kwa watoto wengi wazima kabisa. Kumpa kila mmoja rufaa maana yake ni kuiuzisha mbuzi familia ya Kigoma ili ipate nauli ya Dar es Salaam, kisha iambiwe hakuna kitu. Na kinyume chake ni hatari zaidi: moyo ukishachoka kabisa, nguvu ya damu hupungua na mvumo hunyamaza. Faili iliyoandikwa "hakuna mvumo" inaweza kuwa ya mgonjwa aliye mahututi kuliko wote wodini.

Je, basi stetoskopu itupwe? La. Linalohitaji kutupwa ni tamaa ya kumfanya muuguzi awe bingwa wa moyo. Kumkaririsha madaraja sita ya mvumo yaliyopangwa na daktari Levine mwaka 1933, wakati hana mtu wa kumsahihisha, ni kupoteza muda wake. Afundishwe swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana, yaani je, kuna sauti ya ziada, na afundishwe kwa ukali kwamba jibu la "hapana" halifungi faili ya mtu mwenye dalili.

Hoja ya tatu: tazama kwa picha

Wanaotetea ultrasaundi mikononi mwa wauguzi hawazungumzi ndoto. Nchini Rwanda, katika hospitali za wilaya kama Rwinkwavu na Kirehe, wauguzi wa kliniki za magonjwa yasiyoambukiza walifundishwa kutumia ultrasaundi kwa maswali machache: je, msuli wa moyo unasukuma kwa nguvu? Je, vali ya mitrali imebana? Hawakutakiwa kupima kila kitu, walitakiwa kumweka mgonjwa kwenye kundi sahihi ili aanze dawa sahihi huku akisubiri bingwa. Kutokana na uzoefu wa namna hiyo ulizaliwa mpango wa PEN-Plus, wa kutibu magonjwa kama haya kwenye hospitali za wilaya, ambao mawaziri wa afya wa Afrika waliupitisha mjini Lomé mwezi Agosti 2022. Uganda nayo imeonyesha kwamba wauguzi waliopewa mafunzo mafupi na mashine ya mkononi wanaweza kuwabaini takriban robo tatu ya watoto wenye ugonjwa, na zaidi ya hapo pale ugonjwa unapokuwa dhahiri.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2021. Watoto na vijana 102,200 walipimwa kwa picha, na zaidi ya 800 waliokuwa na ugonjwa uliojificha, bila dalili yoyote, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilidungwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne, jingine halikudungwa. Baada ya miaka miwili, kwa waliofuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliopata sindano, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakupata. Hakuna swali wala stetoskopu ambayo ingewapata watoto hawa wakati huo.

Lakini namba hizohizo zina upande wa pili. Katika kundi lisilodungwa, zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili. Maana yake ni kwamba watoto wengi watavumilia sindano yenye maumivu makali kila mwezi, kwa miaka, ili wachache waokolewe. Mtoto akishaitwa "mgonjwa wa moyo" kijijini, jina hilo halifutiki kwa urahisi: hukatazwa mpira, huhurumiwa darasani, na msichana huanza kuulizwa kama ataolewa. Hata mpaka kati ya mzima na mgonjwa umekuwa ukisogezwa. Vigezo vya picha vilivyotolewa na Shirikisho la Moyo Duniani mwaka 2012 vilipangwa upya mwaka 2023, na hatua za ugonjwa zikagawanywa upya kutoka A hadi D.

Tena kuna mambo madogo yanayoua miradi mikubwa. Mashine huharibika na fundi yuko mji mkuu. Jeli inaisha. Muuguzi aliyefundishwa anahamishwa wilaya nyingine, na mrithi wake anakuta kifaa kabatini. Penisilini yenyewe, dawa ya zamani na ya bei nafuu, hukosekana kwenye vituo kwa vipindi. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe anahitaji sindano ambayo kituo hakina ni kumgundulia ugonjwa na kumwacha nao.

Na hapa hoja ya kwanza inarudi kwa mlango wa nyuma. Kumekuwa na hofu ya muda mrefu kuhusu vifo vya ghafla baada ya sindano ya benzathini, vifo vilivyodhaniwa ni mzio. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba, kwa wagonjwa wenye vali zilizoharibika vibaya, baadhi ya vifo hivyo huenda vinatokana na moyo dhaifu kushindwa kustahimili mshtuko, na kwamba wagonjwa wa namna hiyo wafikiriwe kupewa dawa ya kumeza. Kwa hiyo muuguzi mwenye sindano mkononi anapaswa kuuliza kwanza: umelalaje jana usiku? Miguu imevimba? Hata penye picha, dalili bado zinaamua.

Kliniki ya wajawazito, mahali hoja zinapogongana

Kama kuna chumba kimoja ambamo mjadala huu unageuka kuwa wa uhai na kifo, ni kliniki ya wajawazito. Mimba huongeza ujazo wa damu kwa asilimia 40 hadi 50 na kuharakisha mapigo. Vali ya mitrali iliyobana haivumilii mwendo kasi, kwa kuwa inahitaji muda mrefu kupitisha damu. Msichana aliyejisikia mzima maisha yake yote huanza kuzidiwa katika miezi ya kati ya mimba, na hatari hupanda tena wakati wa uchungu na saa za kwanza baada ya kujifungua, damu ya mfuko wa uzazi inaporudi kwa wingi kwenye moyo. Ndiyo sababu mojawapo wanawake ni wengi kwenye rejista za wagonjwa: mimba ndiyo inayowafichua.

Shida ni kwamba mimba ya kawaida nayo huchosha, huvimbisha miguu na kupunguza pumzi. Mama anapimwa presha, damu na mkojo. Vyote vikiwa vizuri, anapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Tofauti ipo kwenye undani: mama mwenye mimba ya kawaida huchoka akipanda ngazi, lakini halali ameketi. Hashtuki usiku akikohoa. Hatemi damu. Mapigo yake akiwa ametulia hayapandi mpaka 120. Mapafu yake hayatoi sauti ya maji. Lolote kati ya hayo likiwepo, neno "ni mimba tu" linapaswa kusubiri.

Gharama ya kukosea ni kubwa kwa sababu matibabu ya kawaida ya wodi ya wazazi yanaweza kumdhuru mama huyu. Dripu ya haraka inayotundikwa kwa nia njema hujaza mapafu yake maji. Ergometrini, inayotumika kuzuia kutoka damu baada ya kujifungua, haifai kwa mgonjwa wa moyo. Na mama aliyekwisha kuwekewa vali ya chuma anatumia wafarini, dawa ambayo inaweza kumlemaza mtoto tumboni lakini ambayo akiiacha bila mpango vali yaweza kuziba. Kwa huyo kuna dalili moja ambayo mgonjwa mwenyewe hujua kuielezea: mlio mkavu wa vali aliouzoea kuusikia usiku umefifia, na pumzi zimeanza kuwa fupi. Hiyo ni dharura ya saa hiyo.

Mizani

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi tatu hazilingani uzito, na hazishindani kwa kweli. Zinajibu maswali tofauti. Dalili hujibu nani anahitaji msaada leo. Picha hujibu ana ugonjwa gani, na kwa watoto, nani atauhitaji msaada huo kesho. Stetoskopu iko katikati, msaidizi mzuri na hakimu mbaya.

Ukweli huu una matokeo ya kibajeti ambayo wapangaji hawapendi kuyatamka. Wilaya yenye ultrasaundi moja inabidi ichague: iende shuleni kutafuta watoto wasio na dalili, au ibaki kliniki ikiwahudumia wenye dalili? Matokeo ya Gulu yanavutia kuelekea shuleni. Lakini pale penisilini isipopatikana kila mwezi bila kukosa, kupima shule nzima hakuna utetezi, na mashine itumike kwanza kwa mama anayelala ameketi. Pale dawa ilipo ya uhakika, hesabu inageuka.

Wapo wanaohofu kwamba kugundua wengi kutarefusha tu foleni ya upasuaji kwenye taasisi chache kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, au Hospitali ya Tenwek huko Bomet. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa za kupunguza maji na kutuliza mapigo. Na vali ya mitrali iliyobana, ikikutwa kabla haijajaa chokaa, huweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, njia iliyobuniwa na Mjapani Kanji Inoue na kutangazwa mwaka 1984, bila kupasua kifua. Ikikutwa imechelewa, puto halifai tena na kifua lazima kifunguliwe. Kuchelewa kugundua ndiko kunakoirefusha foleni.

Linalobaki ni barua ya rufaa. Barua nyingi husema "matatizo ya moyo" na kuishia hapo, na mpokeaji hana namna ya kujua nani aonwe leo na nani mwezi ujao. Barua inayosema: pumzi 28 kwa dakika, mapigo ya kifuani 118, ya mkononi 96, hayana mpangilio, mjamzito wa wiki 26, analala ameketi tangu mwezi uliopita, makohozi hasi mara mbili, imeandikwa bila mashine yoyote na inamrusha mgonjwa huyo mbele ya foleni. Hospitali inayoipokea nayo ina deni: kumrudishia muuguzi jibu la alichokikuta. Bila jibu hilo, muuguzi wa zahanati hawezi kujua kama alishtuka kwa haki au bure, na mgonjwa wa pili atapimwa kwa kubahatisha kama wa kwanza.